Fimbo za gofu kwa vijana wanaoanza

Makala hii inahusu jinsi ya kuchagua fimbo mpya au zilizotumika kwa ajili ya kijana anayeanza kujifunza gofu. Kwa habari za mchezo wenyewe tazama makala ya Gofu.

Fimbo ya gofu ni kifaa ambacho mchezaji wa gofu hukitumia kuupiga mpira kutoka mahali pa kuanzia hadi kuuingiza shimoni. Mchezaji mmoja hutumia fimbo za aina mbalimbali, kwa kuwa kila fimbo imetengenezwa kwa umbali na hali yake. Kwa kijana mwenye umri wa miaka 12 hadi 18 uchaguzi wa fimbo una ugumu wa pekee: mwili wake bado unakua, nguvu zake zinabadilika, na haijulikani kama ataendelea na mchezo. Fimbo ndefu au nzito kupita kiasi humzoesha mwili mkao mbaya ambao baadaye ni vigumu kuuondoa, na huweza kuumiza mgongo na vifundo vya mikono. Kwa upande mwingine, seti mpya ni ghali, na kijana anaweza kuizidi kwa kimo baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwa sababu hiyo wazazi na walimu wengi hulinganisha fimbo mpya na zilizotumika kabla ya kununua.

## Sehemu za fimbo

Kila fimbo ya gofu ina sehemu kuu tatu.

* Kichwa ndicho kinachogusa mpira. Upande unaopiga huitwa uso, nao huchongwa mifereji myembamba inayosaidia mpira kuzunguka hewani.
* Mpini ni ufito mrefu unaounganisha kichwa na mikono, kama ulivyo mpini wa jembe. Siku hizi hutengenezwa kwa feleji au kwa grafiti, yaani nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu.
* Kishikio ni mfuniko wa mpira au wa nyuzi na mpira unaovikwa juu ya mpini ili mikono isiteleze.

Pembe mbili ni muhimu katika kuielewa fimbo. Ya kwanza ni pembe ya uso, yaani kiasi ambacho uso umelala kinyumenyume. Pembe ikiwa ndogo mpira huenda chini na mbali. Ikiwa kubwa mpira hupaa juu na kuanguka karibu. Ya pili ni pembe ya ulalo, yaani pembe kati ya mpini na ardhi kichwa kikiwa kimekaa sawasawa chini. Pembe ya ulalo isipomfaa mchezaji, ncha ya mbele ya kichwa huinuka au kisigino chake huinuka. Kwa mchezaji anayetumia mkono wa kulia, ncha ikiinuka mpira huelekea kushoto, na kisigino kikiinuka mpira huelekea kulia, hata kama amepiga vizuri.

## Aina za fimbo

* Draiva ndiyo fimbo ndefu kuliko zote za kupigia mbali. Kwa kawaida pembe ya uso wake ni kati ya nyuzi 9 na 12. Hutumiwa mwanzoni mwa mashimo marefu.
* Fimbo za mbao zina kichwa kinene kilichoviringana. Zimebaki na jina hilo ingawa leo karibu zote ni za metali. Hutumiwa kwa mapigo marefu kutoka kwenye nyasi.
* Fimbo chotara zimechanganya umbo la fimbo za mbao na urefu wa fimbo za chuma. Ni rahisi kuzipiga kuliko fimbo za chuma zenye namba ndogo, hivyo hupendekezwa kwa wanaoanza.
* Fimbo za chuma hupewa namba, kwa kawaida kutoka 3 au 4 hadi 9. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo fimbo inavyokuwa fupi na pembe ya uso inavyoongezeka. Namba 7 ya siku hizi mara nyingi ina nyuzi 28 hadi 34.
* Weji ni fimbo za chuma zenye pembe kubwa, kuanzia nyuzi 44 hivi hadi 60. Hutumiwa karibu na shimo na kuutoa mpira mchangani.
* Puta hutumiwa kuviringisha mpira kwenye nyasi fupi sana zinazozunguka shimo. Pembe ya uso wake ni ndogo, yapata nyuzi 3 au 4.

## Historia fupi ya vifaa

Kujua historia ya vifaa humsaidia mnunuzi kutambua umri wa fimbo iliyotumika na kama bado inafaa kuchezea.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 mipini ilikuwa ya mti, hasa mti wa jamii ya hikori kutoka Amerika Kaskazini. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kiliruhusu mipini ya feleji mwaka 1924, na R&A ya St Andrews nchini Uskoti ikafuata mwaka 1929. Mipini ya feleji ilileta usawa: mafundi waliweza sasa kutengeneza fimbo nyingi zinazofanana, na seti zikaanza kuuzwa kwa namba badala ya majina ya zamani. Mipini ya grafiti ilitokea miaka ya 1970.

Vichwa navyo vilibadilika. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyeishi Marekani na kuanzisha kampuni ya Ping mwaka 1959, alieneza wazo la kupeleka uzito wa kichwa pembezoni. Kichwa cha namna hiyo hakipindi sana mpira unapogongwa nje ya katikati ya uso, kwa hiyo makosa madogo hayaadhibiwi vikali. Fimbo za chuma zenye uwazi mgongoni, ambazo leo ndizo hupendekezwa kwa wanaoanza, zimetokana na wazo hilo. Mwaka 1979 kampuni ya TaylorMade ilianza kuuza fimbo za mbao zenye kichwa cha metali, na katika miaka iliyofuata vichwa vya mti vikatoweka polepole viwanjani.

Fundisho kwa mnunuzi ni kwamba fimbo ya chuma yenye umri wa miaka 15 bado inaweza kuwa nzuri, kwa kuwa umbo lake halijabadilika sana. Kwa draiva tofauti ni kubwa zaidi: draiva za miaka ya 1980 na 1990 zina vichwa vidogo na ni ngumu kwa anayeanza.

## Idadi ya fimbo zinazohitajika

Kanuni za Gofu huruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14 katika raundi moja. Kikomo hicho kiliwekwa na USGA mwaka 1938 na R&A mwaka 1939. Hata hivyo kanuni hazitaji idadi ya chini, na kijana anayeanza hahitaji kufika 14.

Seti ya fimbo 6 hadi 8 inatosha kwa mwaka wa kwanza. Mpangilio unaotumika mara nyingi ni huu:

1. fimbo ya mbao yenye namba 5, au draiva yenye pembe ya nyuzi 12 au zaidi;
2. fimbo chotara moja;
3. fimbo za chuma namba 6 au 7, na namba 8 au 9;
4. weji ya kawaida;
5. weji ya mchanga;
6. puta.

Kuwa na fimbo chache kuna faida ya kimafunzo. Kijana hulazimika kujifunza kupiga mapigo tofauti kwa fimbo ileile, badala ya kubadilisha fimbo kila mara. Mfano unaotajwa sana ni wa Mhispania Seve Ballesteros, aliyejifunza utotoni kwenye ufuko wa Pedreña akiwa na fimbo moja tu ya chuma namba 3 aliyopewa na kaka yake. Ballesteros alishinda baadaye mashindano ya The Open mara tatu (1979, 1984 na 1988) na Masters mara mbili (1980 na 1983). Mfano huo hauna maana kwamba fimbo moja inamtosha kila mtoto, bali unaonyesha kuwa wingi wa vifaa si sharti la kujifunza.

## Kupima fimbo kwa kijana

### Kimo na urefu wa fimbo

Kipimo cha kwanza ni kimo, si umri. Vijana wawili wa miaka 13 wanaweza kutofautiana kwa sentimita 20 au zaidi. Seti za watoto hupangwa na watengenezaji kwa kimo, na nyingi huishia kwa kijana mwenye sentimita 160 hivi au zaidi kidogo. Kijana aliyepita hapo kwa kawaida anaweza kutumia fimbo za watu wazima, mradi ziwe nyepesi. Fimbo za kawaida za wanawake ni fupi kuliko za wanaume kwa sentimita 2.5 hivi, na pia ni nyepesi. Kwa hiyo humfaa msichana au mvulana ambaye bado hajapata kimo kamili. Jina lililoandikwa juu ya sanduku lisimzuie mvulana kutumia fimbo inayomfaa.

Kimo peke yake hakitoshi, kwa maana watu wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na mikono yenye urefu tofauti. Ndiyo sababu wapimaji huongeza kipimo cha pili: kijana husimama wima amevaa viatu, mikono ikining'inia, kisha hupimwa umbali kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Mwenye mikono mirefu huhitaji fimbo fupi kidogo kuliko kimo chake kinavyoonyesha.

### Ukuaji

Katika ujana mwili hukua kwa kasi kwa kipindi kifupi. Kwa wasichana kasi hiyo hufikia kilele katika umri wa miaka 12 hivi, na kwa wavulana miaka 14 hivi. Katika mwaka wa kilele wengi huongezeka sentimita 8 hadi 10. Kwa sababu hiyo mvulana wa miaka 13 anayenunuliwa seti inayomtosha barabara anaweza kuhitaji nyingine baada ya mwaka na nusu, lakini msichana wa miaka 15 huenda akaitumia seti yake hadi utu uzima. Swali la kununua mpya au iliyotumika linategemea sana kijana amefikia wapi katika ukuaji.

Wazazi wengine hununua fimbo kubwa wakitarajia kwamba mtoto "ataikuta", kama wafanyavyo kwa sare ya shule. Kwa fimbo njia hiyo ina hasara. Sare kubwa hukunjwa pindo, lakini fimbo ndefu humlazimisha kijana kusimama mbali na mpira, kunyoosha mgongo kupita kiasi na kuzungusha mikono kuuzunguka mwili. Kuzidi kwa sentimita 2 hadi 3 kunavumilika, hasa akishika chini kidogo kwenye kishikio. Zaidi ya hapo ni heri kungoja.

### Uzito na unyumbufu wa mpini

Mpini wa feleji wa kawaida una uzito wa gramu 95 hadi 130, na wa grafiti mara nyingi gramu 50 hadi 70. Kijana asiye na nguvu nyingi huzungusha fimbo nyepesi kwa kasi zaidi na bila kupoteza mizani.

Mipini hutofautiana pia kwa unyumbufu, nao huonyeshwa kwa herufi: L kwa laini sana, A kwa laini, R kwa kawaida, S kwa ngumu na X kwa ngumu sana. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote, hivyo R ya kampuni moja inaweza kulingana na S ya nyingine. Kwa vijana wengi wanaoanza L, A au R hufaa. Mpini mgumu mno hufanya mpira uende chini na kulia kwa mchezaji wa mkono wa kulia, naye kijana hudhani kosa ni lake.

### Kukata fimbo za watu wazima

Desturi ya kukata fimbo ya baba au mjomba ili mtoto aitumie ni ya zamani. Inaweza kusaidia kwa siku chache za majaribio, lakini si suluhisho la kudumu. Mpini uliokatwa huwa mgumu zaidi kuliko ulivyokuwa, kichwa hubaki na uzito wake wa mtu mzima, na kishikio huwa kinene kwa kiganja kidogo. Mpini wa grafiti ukikatwa kwa msumeno usiofaa huweza kupasuka nyuzi.

### Mkono wa kushoto

Mchezaji anayepiga kwa upande wa kushoto huhitaji fimbo zilizotengenezwa kinyume. Hizo ni chache sokoni, hasa zilizotumika. Kabla ya kununua inafaa kumpa kijana nafasi ya kujaribu pande zote mbili, kwa kuwa mkono wa kuandikia si kigezo cha hakika. Mmarekani Phil Mickelson hutumia mkono wa kulia katika mambo mengine, lakini hucheza gofu kwa upande wa kushoto, kwa sababu alijifunza utotoni kwa kumtazama baba yake kama anayejitazama kiooni.

## Fimbo mpya

Faida za fimbo mpya ni hizi:

* hupatikana kwa vipimo vinavyolingana, kuanzia fimbo ndefu hadi fupi;
* huwa na udhamini wa mtengenezaji dhidi ya kasoro;
* seti za wanaoanza huuzwa pamoja na mfuko, hivyo mzazi asiyejua mchezo hahitaji kuchagua moja moja;
* mnunuzi katika duka lenye mpimaji anaweza kurekebishiwa urefu na pembe ya ulalo.

Hasara kuu ni bei, na kupungua kwa thamani. Watengenezaji hutoa matoleo mapya mara kwa mara, na toleo la jana hushuka bei hata kama halijaguswa. Seti za bei nafuu kabisa nazo huwa na vichwa vya metali laini na mipini isiyo thabiti. Ni mpya kwa macho, lakini huweza kuwa duni kuliko seti nzuri iliyotumika ya bei ileile. Njia ya kati ni kununua toleo la mwaka uliopita au wa kabla yake ambalo halijauzwa.

## Fimbo zilizotumika

Fimbo za chuma na puta hudumu miaka mingi zikitunzwa, hivyo ndizo hufaa zaidi kununuliwa zikiwa zimetumika. Weji huchakaa haraka kwa sababu hupigwa mchangani na mifereji yake hufutika. Draiva huhitaji uangalifu, kwa kuwa uso wake ni mwembamba na unaweza kuwa na ufa usioonekana mara moja.

### Mambo ya kukagua

Uso na mifereji. Mifereji iwe na kingo zinazohisika kwa ukucha. Doa linalong'aa katikati ya uso huonyesha matumizi mengi. Kwa anayeanza uchakavu kidogo si tatizo.

Kichwa cha draiva. Kikaguliwe mbele ya mwanga kwa nyufa na mabonyeo. Fimbo itikiswe karibu na sikio. Mlio wa kitu kinachogongagonga ndani huweza kuwa gundi iliyokauka au kipande kilichovunjika.

Mpini wa feleji. Kutu ya juu juu husafishwa, lakini kutu iliyokula chuma ni dalili ya kuvunjika. Mpini uviringishwe juu ya meza iliyonyooka, kichwa kikining'inia nje ya ukingo, ukirukaruka, umepinda. Mpini uliopinda na kunyooshwa haufai kurudishwa mchezoni.

Mpini wa grafiti. Upitishwe vidole kutoka juu hadi chini. Mkwaruzo wa rangi si hatari, lakini mahali palipobonyea, palipochanika nyuzi au panapotoa mlio fimbo ikikunjwa kidogo ni pabovu. Mpini wa grafiti huvunjika ghafla na kuacha ncha kali, kwa hiyo jambo hili ni la usalama.

Kiungo cha kichwa na mpini. Mtu ashike kichwa kwa mkono mmoja na kishikio kwa mwingine, kisha ajaribu kuvizungusha kinyume. Kichwa kikicheza, gundi imeachia. Fimbo ya namna hiyo isipigwe hadi itengenezwe, maana kichwa kinaweza kuruka na kumpata mtu.

Kishikio. Kikiwa kigumu na kinateleza, kibadilishwe. Kazi hiyo si ghali wala si ngumu, lakini gharama yake iingizwe kwenye hesabu kabla ya kukubali bei.

Ulinganifu wa seti. Fimbo za chuma zipangwe kwa namba ukutani. Urefu hupungua kwa sentimita 1.3 hivi kutoka namba moja hadi inayofuata. Fimbo inayoruka mpangilio huo, au yenye mpini wa aina nyingine, huenda imekatwa au imetoka seti tofauti.

### Fimbo bandia

Fimbo za makampuni mashuhuri hughushiwa. Dalili za kawaida ni bei ya chini isiyoelezeka, maandishi yasiyo na kingo safi, rangi iliyotiwa kwa uzembe, na namba ya utambulisho isiyokuwepo au inayofanana kwenye fimbo kadhaa. Namba hiyo inaweza kuulizwa kwa kampuni husika. Ubaya wa fimbo bandia hauishii kwenye jina: vichwa vyake hutofautiana uzito, na pembe zake hazilingani na namba zilizoandikwa. Kijana anayeitumia hawezi kujua umbali wa kila fimbo, kwa kuwa fimbo zenyewe hazina mpangilio.

## Kulinganisha gharama

Bei ya kununulia si gharama yote. Gharama halisi hupatikana kwa kanuni hii:

*gharama = bei ya kununua + matengenezo − bei ya kuuza baadaye*

Mifano ifuatayo ni ya kuonyesha hesabu tu, ambapo bei ya seti mpya inachukuliwa kuwa 100.

* Seti mpya inanunuliwa kwa 100, haihitaji matengenezo, na baada ya miaka miwili inauzwa kwa 40. Gharama ni 60.
* Seti nzuri iliyotumika inanunuliwa kwa 45, inabadilishwa vishikio kwa 10, na baada ya miaka miwili inauzwa kwa 30. Gharama ni 25.
* Seti mbaya iliyotumika inanunuliwa kwa 45, inatengenezwa mipini na vishikio kwa 30, na inauzwa kwa 10. Gharama ni 65.

Mfano wa tatu unaonyesha kuwa rahisi inaweza kuwa ghali. Faida ya fimbo zilizotumika hutegemea ukaguzi. Bila ukaguzi faida hiyo hupotea. Pia mzazi asiyejua kukagua anaweza kumwomba mwalimu wa gofu aziangalie kabla ya kulipa. Walimu wengi hufanya hivyo wakati wa somo, nao wanajua pia mzungusho wa mwanafunzi wao.

Kwa ujumla fimbo zilizotumika humfaa kijana ambaye bado anakua kwa kasi, ambaye hajaonyesha kama atadumu katika mchezo, au ambaye familia yake ingelazimika kukopa ili kununua mpya. Fimbo mpya humfaa aliyekwisha kufikia kimo chake, anayecheza kila wiki na kuanza kushiriki mashindano, au mwenye kimo au mkono usiopatikana kwenye soko la vilivyotumika. Mchanganyiko nao unawezekana: puta na fimbo za chuma zilizotumika, pamoja na weji mpya.

## Kanuni zinazohusu vifaa

Katika michezo ya kirafiki kijana anaweza kutumia fimbo yoyote iliyo salama. Akianza mashindano, fimbo zake zifuate kanuni za R&A na USGA. Muhimu kwa mnunuzi ni hizi:

* kichwa cha draiva kisizidi ujazo wa sentimita za ujazo 460;
* fimbo isipungue urefu wa sentimita 45.7, na isizidi sentimita 121.9 isipokuwa puta;
* uso wa draiva usiwe na mrusho unaozidi kikomo. Baadhi ya draiva za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilivuka kikomo hicho, na vyama hivyo hutoa orodha ya vichwa vinavyokubalika;
* kanuni za mifereji zilibadilishwa kuanzia mwaka 2010. Fimbo za kabla ya hapo huweza kukataliwa katika mashindano ya juu, ingawa hilo halimgusi anayeanza.

## Afrika Mashariki

Gofu ilifika Afrika Mashariki pamoja na utawala wa kikoloni wa Waingereza. Klabu ya gofu ya Nairobi, ambayo leo huitwa Royal Nairobi, ilianzishwa mwaka 1906. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, na miongoni mwa washindi wake ni Ballesteros aliyetajwa juu, aliyeshinda mwaka 1978. Nchini Tanzania mchezo huu huchezwa katika viwanja kama vile Gymkhana na Lugalo jijini Dar es Salaam, pamoja na Arusha na Moshi.

Fimbo hazitengenezwi kwa wingi katika eneo hili, bali huagizwa kutoka nje. Maduka maalumu ni machache na yako katika miji mikubwa. Anayeagiza fimbo kutoka ng'ambo hulipa usafirishaji na ushuru juu ya bei, na hawezi kuikagua kabla ya kulipa. Kwa hiyo fimbo zilizotumika ambazo zipo tayari nchini, hasa za wanachama wa klabu wanaobadilisha vifaa, zina thamani kubwa kwa anayeanza. Huulizwa kwa mwalimu wa klabu au katika duka lake.

Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza wakiwa wabeba mifuko ya wachezaji wengine, wakijifunza kwa fimbo za kuazima au za kupewa. Kwa vijana wa namna hiyo swali la mpya au iliyotumika halikuwa na majibu mawili. Klabu zinazotunza fimbo za kuazimisha, na kuzipokea tena kijana anapokua ili zitumiwe na mwingine, hupunguza gharama inayowazuia watoto wengi kuujaribu mchezo huu.

## Utunzaji

Fimbo zikitunzwa hudumu, na bei ya kuziuza haishuki sana. Vichwa husafishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, mifereji kwa brashi laini, kisha hukaushwa. Vishikio huoshwa ili kuondoa jasho na mafuta ya mikono. Mfuko usiachwe ndani ya gari juani, kwa kuwa joto kali hulegeza gundi inayoshika kichwa na kishikio. Katika maeneo ya pwani fimbo za feleji zifutwe kila baada ya mchezo, kwa maana hewa ya chumvi huharakisha kutu.

Kijana afundishwe pia kutozungusha fimbo kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna mtu karibu, mbele wala nyuma. Tahadhari hiyo inahusu fimbo zote, ziwe mpya au zilizotumika.

## Tazama pia

* Gofu
* Uwanja wa gofu
* Seve Ballesteros